Hita ya maji kwa nyumba ya Dar: ya papo hapo, ya tangi, ya sola au ya gesi?

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo ukasema unatafuta hita ya bafuni, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi. Swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni maji yako: yana chumvi au hayana, yanashuka kutoka simtanki lililo juu kiasi gani, na yanakatika mara ngapi. Majibu hayo matatu yanaweza kufuta aina mbili za hita kwenye orodha yako kabla hujafungua pochi. Nimeona watu wengi mno wakinunua mashine nzima, nzuri, ya bei kubwa, kisha wakaifunga kwenye maji yasiyoitaka. Mwaka haujaisha wanasema hita za siku hizi ni feki.

Nitazilinganisha aina nne zinazouzwa sana hapa mjini, pamoja na ile ya ndoo ambayo wapangaji wengi ndiyo wanayoitegemea.

Joto tunalohitaji ni dogo kuliko tunavyodhani

Maji ya bomba hapa Dar huwa karibu nyuzi 27 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji ya kuoga yanayomridhisha mtu mzima ni karibu nyuzi 40. Pengo ni nyuzi 13 tu. Ndugu yako wa Njombe au Makete ana pengo kubwa kuliko hilo, kwa hiyo hita anayokusifia yeye si lazima iwe saizi yako wewe wa Tabata.

Hesabu yake ni nyepesi. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka kilojuli 4.19, na uniti moja ya LUKU ni kilojuli 3,600. Ndoo ya lita 20 basi inakula uniti 0.3. Mtu anayeoga kwa shawa akamwaga lita 40 anakula uniti 0.6. Mteja wa kawaida wa TANESCO analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Ndoo moja ya moto ni karibu shilingi 107, shawa moja ni karibu 214. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga mara moja kwa siku kwa shawa, inatumia uniti 3 kwa siku, uniti 90 kwa mwezi, kama shilingi 32,000.

Hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Walio kwenye kundi la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hawatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Hita ya shawa kwa familia ya watano inavuka kiwango hicho peke yake, bila friji, bila feni, bila televisheni. Uniti za juu ya 75 zinatozwa 350, na ukizoea kuvuka unahamishiwa kundi la kawaida, ambako hata taa ya uani unailipia bei ile kubwa. Kwa nyumba iliyo kundi hilo, gharama ya hita ni zaidi ya umeme inaoutumia yenyewe. Familia kama hiyo naishauri ifikirie sola, gesi, au ndoo kabla ya shawa ya umeme.

Ya papo hapo: rahisi kununua, ngumu kuiridhisha

Hii ndiyo ile inayofungwa juu ya kichwa cha shawa au ukutani pembeni yake. Haina tangi, haitunzi maji, inapasha yale yanayopita tu. Dukani ndiyo ya bei ndogo kuliko zote za kudumu, na haipotezi umeme kwa maji yaliyokaa. Kwa mtu mmoja au wawili wenye maji baridi yasiyo na chumvi, ningeichagua hii bila kusita.

Tabu yake ya kwanza ni presha. Ndani yake kuna kiwambo kinachosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Simtanki likiwa mita moja juu ya shawa, unapata presha ya ba 0.1 tu, kila mita inaongeza kiasi hichohicho. Nyumba nyingi za chini zina simtanki juu ya mnara mfupi, au limekaa juu ya paa la choo. Niliwahi kusimama bafuni kwa dada mmoja akimlalamikia fundi: "Kaka, hita uliyonifungia haichemshi." Fundi akafungua shawa, akakinga ndoo ya lita 20, akatazama saa ya simu yake. Dakika zikapita, ndoo haijafika hata nusu. "Dada, hita nzima hii. Tangi lako ndilo liko chini."

Kipimo hicho cha ndoo kifanye kabla ya kununua. Mashine ya kilowati 5.5 inapandisha lita 6 kwa dakika kwa nyuzi 13, yaani kiasi kile tunachokitaka. Kwa mtiririko huo ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika tatu na sekunde ishirini hivi. Ikijaa ndani ya dakika mbili, pengine kwa sababu una pampu ya presha, maji yatakuwa ya uvuguvugu tu na itabidi upunguze koki. Ikichukua zaidi ya dakika tano, hita inaweza isiwake kabisa, au iwake na kuzima huku umejipaka sabuni. Hapo uchague ile yenye pampu ndani yake, au uinue tangi, au uachane na aina hii.

Tabu ya pili ni umeme wenyewe. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampea 24. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13, kwa hiyo hita hii haichomekwi kwenye soketi hata mara moja, hata kama fundi anakuambia "itabeba tu." Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 6 za mraba kwa umbali wa kawaida wa nyumba, breka ya ampea 32, swichi ya nguzo mbili (inayokata nyaya zote mbili) nje ya bafu, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30. Ethi iwe ya kweli: nondo iliyozama ardhini na kupimwa, si waya wa kijani uliokatwa ukaachwa ndani ya ukuta. Ukijumlisha waya, breka na kazi ya fundi, ile bei ndogo ya dukani inaweza kuongezeka maradufu. Weka hesabu hiyo mezani unapoilinganisha na tangi.

Kuna na suala la umeme kushuka. Nguvu ya hita inapungua kwa kasi kuliko volti: laini yako ikishuka kutoka 230 hadi 200, kilowati 5.5 zinabaki kama 4.2. Mtaa ambao taa hufifia jioni, saa zilezile ambazo watu wanarudi kazini kuoga, shawa hii itakuvunja moyo.

Ya tangi: tulivu zaidi, na watu hununua kubwa mno

Tangi la umeme linapasha maji polepole na kuyatunza. Elementi yake, yaani chuma kinachopasha maji, huwa kilowati 1.5 au 2, kwa hiyo haiumizi waya wa nyumba, na halijali sana presha ndogo: maji ya moto yatatoka kwa kasi ileile yanayotoka ya baridi. Unaweza kupeleka bomba moja bafuni na lingine jikoni. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga au mzee, ambako maji ya moto yanatakiwa wakati wowote na si ya kuoga tu, mimi naliweka juu ya shawa ya papo hapo.

Sasa saizi. Maji ya tangi yanapashwa hadi nyuzi 60, kisha unayachanganya na ya baridi. Kwa kuwa ya baridi ya Dar yenyewe ni nyuzi 27, lita 50 za tangi zinakupa zaidi ya lita 120 za kuoga kwenye karatasi, na kama 100 kwa uhalisia, maana ya mwishoni hutoka yamepoa. Hao ni watu wawili hadi watatu mfululizo. Lita 80 zinatosha watu wanne. Bado kila siku naona nyumba ya mume, mke na mtoto mmoja imefungwa tangi la lita 100 kwa sababu muuzaji alisema "kubwa ndiyo zuri." Lita 100 kupanda hadi nyuzi 60 ni uniti 3.8, lita 50 ni 1.9, na kwa elementi ya kilowati 1.5 zinachukua saa moja na robo hivi. Maji usiyoyatumia yanapoa taratibu usiku kucha, na unayalipia tena kesho.

Upotevu huo si mkubwa hapa kwetu kama kwenye nchi za baridi. Tangi la lita 50 lenye ngozi nzuri ya kuzuia joto lisitoke linapoteza kati ya nusu uniti na uniti moja kwa siku likiachwa limewashwa. Kwa mwezi ni uniti 15 hadi 30. Uzuie kwa swichi yenye saa inayowasha alfajiri na jioni tu. Lakini usishushe themostati (kidhibiti joto) hadi nyuzi 40 kwa kubana matumizi. Maji yaliyotuama ya uvuguvugu ni makazi ya bakteria wa Legionella wanaoshambulia mapafu; nyuzi 60 ndizo zinazowaua. Na maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo penye watoto funga koki ya kuchanganya yenye themostati, au uwafundishe kufungua ya baridi kwanza.

Kitu kimoja kidogo kinaua matangi na kinaweza kuua watu: valvu ya usalama pale maji ya baridi yanapoingia. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 60 zinavimba kwa karibu theluthi mbili ya lita, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Ndiyo maana valvu inadondosha matone wakati wa kupasha. Watu wanaona matone, wanadhani ni uvujaji, wanaziba kwa kizibo. Usizibe. Fungia mpira mwembamba uelekee kwenye tundu la maji machafu.

Chumvi ndiyo inayoamua

Maji ya DAWASA yanayotoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hayasumbui hita. Kisima ni jambo jingine. Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi na maeneo mengi yaliyo karibu na bahari, visima vingi vina chumvi, na nyumba nyingi huchanganya: DAWASA yakitoka, kisima yakikatika, yote ndani ya simtanki moja. Kwa hita, nyumba hiyo ni nyumba ya maji ya chumvi.

Ukionja maji ukasikia chumvi ulimini, kloraidi imeshapita kama miligramu 250 kwa lita. Ladha ikiwa haina uhakika, tazama birika lako la umeme na vichwa vya koki: ukoko mweupe ni chokaa, na sabuni isiyotoa povu inasema hivyohivyo. Vitu hivi viwili, chumvi na chokaa, vinashambulia kwa njia tofauti. Chokaa inafunika elementi, joto halitoki, elementi inaungua ndani ya ukoko wake. Chumvi inatoboa chuma.

Kigamboni niliona tangi likifunguliwa baada ya muda mfupi tu wa matumizi. Fundi alipovuta elementi ilitoka imevaa gamba nene, jeupe, kama ganda la chaza, na chini ya tangi kulikuwa na mabonge ya chokaa yaliyokuwa yakigongana kila maji yalipochemka. Ile fimbo ya magnesi, anodi, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe, ilikuwa imekwisha yote. Umebaki waya wake wa katikati. Mwenye nyumba hakuwahi kuambiwa kwamba anodi ipo, sembuse kwamba inabadilishwa. Kwa maji ya kisima ikaguliwe kila mwaka; ni kipuri cha bei ndogo kinacholinda kitu cha bei kubwa.

Wauzaji hupenda kusema tangi la chuma kisichoshika kutu ndilo dawa ya chumvi. Si kweli kwa maji yenye kloraidi nyingi: chuma cha pua cha kawaida kinatobolewa vitundu vidogo, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa, maji yakiwa moto. Tangi la chuma lililopakwa enameli ndani, lenye anodi inayotunzwa, linadumu zaidi.

Kwa hita ya papo hapo, chumvi ni hatari kabisa. Zipo za aina mbili. Moja ina waya wa kupasha ulio uchi, maji yanapita juu yake moja kwa moja. Nyingine ina waya uliofungwa ndani ya bomba la chuma. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kwenye ile ya waya uchi umeme mwingi zaidi unavujia kwenye maji yanayokumwagikia kichwani. Ethi nzuri inaupeleka ardhini. Ethi mbovu inakuacha wewe uwe njia. Ukiwa na kisima, muulize muuzaji akuonyeshe kwenye boksi kwamba mashine ni ya maji ya chumvi na elementi yake imefungwa. Akishindwa kukuonyesha, toka dukani.

Sola: nzuri sana, kwa nyumba inayoistahili

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta na haina baridi ya kugandisha mabomba, kwa hiyo mitambo yetu inaweza kuwa miepesi kuliko ya Ulaya. Mtambo wa lita 200 wenye bapa (sahani pana inayonasa jua) la mita mbili za mraba, siku ya jua la kawaida, unayafikisha maji karibu nyuzi 48. Hiyo inazidi mahitaji ya familia ya watano. Uelekee kaskazini, uinamie nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iusafishe vumbi.

Kujua kama unakulipa, chukua bei uliyopewa pamoja na ufungaji, ugawe kwa shilingi 384,000. Hizo ndizo shilingi za LUKU ambazo familia ile ya uniti 90 kwa mwezi inaziokoa kwa mwaka, ukiacha siku za masika ambapo elementi ya akiba itawaka. Jibu likiwa miaka mitano au chini yake na nyumba ni yako, nunua. Ukiwa mpangaji, au mko wawili tu, hesabu haitakubali.

Zipo za mirija ya kioo na za bapa. Ya mirija ni rahisi na inapasha vizuri hata siku ya mawingu, lakini ina adui mmoja tunayemjua vizuri: maji kukatika. Mirija ikibaki mikavu juani inapanda zaidi ya nyuzi 200, na maji yakirudi ghafla mchana kioo kinapasuka. Mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mji ukaingia kwenye mgao, ndiyo majira mabaya kabisa ya kuwa na mirija isiyo na akiba. Kama mtaa wako ni wa mgao, uwe na simtanki la kutosha siku kadhaa, na likikauka usijaze mtambo hadi baada ya jua kuzama. Au nunua bapa, ambalo linavumilia.

Kumbuka pia uzito. Lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu chuma chenyewe, na kenchi za mabati ya kawaida hazikujengwa kubeba hivyo. Fundi seremala apande juu aone kwanza. Na kwa walio Masaki, Msasani au Kunduchi, upepo wa bahari utakula stendi ya chuma cha kawaida. Dai alumini au chuma kilichochovywa zinki.

Gesi

Hita ya gesi inawaka kwa betri ndogo na haijali TANESCO. Mtungi wa kilo 15 una nishati ya kutosha kukupa joto sawa na uniti 160 hivi, ukishaondoa inayopotea kwenye moshi. Kwa shilingi 356, uniti hizo ni kama 57,000. Uliza bei ya mtungi mtaani kwako leo: ikiwa chini ya hapo, gesi ni nafuu kuliko shawa ya umeme, ikiwa juu, si nafuu. Familia yetu ya watano itakaa na mtungi kwa wiki saba hivi. Chagua ndogo, ya lita 6 kwa dakika, yenye kitufe cha majira ya joto kinachopunguza moto, kwa sababu zile kubwa hata zikishushwa kabisa zinaunguza kwa maji ya huku.

Ila ifungwe nje. Ukuta wa nje au baraza lililo wazi, si bafuni, si stoo, si korido. Moto ukikosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na bafu dogo lenye dirisha lililofungwa linatosha kumuua mtu kabla hajajua anaumwa. Kwenye ghorofa lisilo na baraza, jibu langu ni hapana, hata bei ikoje. Wale wa Mikocheni waliounganishwa na gesi asilia ya bomba wajue pia kwamba hita ya mtungi haiingiliani na gesi hiyo. Pua zake za moto ni tofauti.

Na ndoo?

Kwa mpangaji wa chumba, hita ya kuzamisha kwenye ndoo ndiyo chaguo lenye akili. Uniti 0.3, unabeba unapohama, hujadili na mwenye nyumba. Ndoo iwe ya plastiki ngumu, koili isiguse ukuta wake, mlango ufungwe watoto wasiingie, na plagi ichomolewe kabla kidole hakijagusa maji. Kuzima swichi hakutoshi.

Kwa anayejenga sasa hivi

Hata kama hujaamua, kabla ya plasta laza bomba la maji ya moto, la PPR (plastiki inayovumilia joto) lenye mstari mwekundu, kutoka mahali tangi litakapokaa hadi bafuni na jikoni. PVC ya maji ya baridi italainika. Mahali hapo pawe karibu na bafu: bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 linabeba kama lita mbili, na hizo zote zinamwagika baridi kila unapofungua. Pitisha pia paipu tupu ya waya wa milimita 6 kutoka kwenye bodi hadi kila bafu, na nyingine kutoka darini hadi juu ya paa upande wa kaskazini. Fundi atakuambia ni gharama ya bure. Mlipe afanye.